Mashine ya Kugonga Bega

Katika mji wetu, mtu akikuona umeshika bega huku umekunja uso, hakuulizi umefanya nini. Anakuuliza, "Ni ya vita gani?" Goma imebahatika kuwa na vita vingi kiasi kwamba kila mkaaji anaweza kuchagua vyake. Kuna walioumia katika vile vya zamani, wakimbizi walipomiminika kutoka ng'ambo ya mpaka. Kuna walioumia katika vile vya katikati. Na kuna wa hivi vya sasa, ambavyo bado havijaamua vitaisha lini.

Mimi, kwa aibu kubwa, sikuwa na vita. Niliumia bega nikipigilia misumari kwenye plafon, yaani dari, ya sebule yangu mwenyewe.

Ingawa, ukitaka kunihurumia, hata misumari ile ilitokana na vita. Mapigano yalikuwa yamefika kwenye kilima cha wakwe zangu kule Masisi, na mama mkwe wangu akashuka mjini akiwa na dada zake, wajukuu, magodoro, na kuku mmoja aliyekuwa na tabia za askofu. Wote waliingia katika nyumba yetu ya mbao pale Majengo, nyumba ambayo hata mimi na mke wangu tukigombana tulikuwa tunalazimika kugombana kwa zamu. Ilibidi sebule igawanywe. Nikanunua shitingi, yale maturubai meupe ambayo wakimbizi wanapewa bure na ambayo sisi wengine tunayanunua kwa wale wanaoyapewa bure, nikapanda juu ya meza, nikashinda Jumamosi nzima mikono juu, napigilia.

Mama mkwe wangu alikaa kwenye kiti akisimamia kazi.

"Mukwe, upande ule unaonekana mwangaza."

Nikashusha, nikapandisha tena.

"Sasa imekuwa giza sana. Tutakuwa tunaishi kama panya."

Jioni nilikuwa na vyumba vitatu pale palipokuwa na kimoja, na bega la kulia lilikuwa linawaka kama jiwe la volkano yetu, Nyiragongo.

Hilo peke yake lingepita. Lakini mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na siku ya Bwana ni mwongoza korali katika parokia yetu. Kwetu Butembo, ambako kila mtu amezaliwa anajua kuuza, mtoto asiyejua kuuza anapelekwa shule. Nami nilikwenda mbali zaidi nikajifunza nyimbo. Kwa hiyo kazi zangu zote mbili zinadai mkono uwe juu: katika moja unaandika ubaoni, katika nyingine unapungia soprano. Kesho yake, tulipofika kwenye Utukufu, niliinua mkono, ukafika kifuani, ukakataa kuendelea. Niliusukuma. Kitu kilinichoma ndani ya bega hata nikafunga macho.

Korali, ambayo kwa miaka yote ile ilikuwa hainitazami, siku ile ilinitazama. Iliona mkono uko chini, ikaimba chini. Utukufu wa Mungu juu mbinguni tuliuimba kama watu wanaoogopa kumwamsha mgonjwa. Baada ya misa padri alinishika mkono, ule ule, akautikisa kwa furaha. "Leo mumeimba kwa unyenyekevu," alisema. "Muendelee hivyo."

Tukaendelea hivyo kwa miezi.

Huko mtaani, habari za bega langu zilifika kabla yangu. Majengo ni mtaa wa watu wengi, na kila mmoja wao ni daktari. Jirani wa kushoto aliniletea siagi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nijipake. Wa kulia akasema siagi ni ujinga, dawa ni kitunguu saumu. Fundi wa pikipiki aliapa kwa jina la mama yake kwamba alimponya shemeji yake kwa mafuta ya injini. Katika kikundi cha maombi, dada mmoja alipata ufunuo kwamba nimerogwa na mwimbaji wa besi anayetaka kiti changu. Nilimwangalia yule mwimbaji wa besi. Ni mtu ambaye hata kufika mazoezini kwa wakati kunamshinda. Sikuona anapata wapi nguvu za kuroga.

Nilijaribu vyote isipokuwa mafuta ya injini. Mke wangu alinivumilia na siagi, akanivumilia na vitunguu, lakini siku nilipolala na vyote viwili alihama akaenda kulala nyuma ya shitingi kwa mama yake.

"Papa," aliniambia asubuhi, akiwa amesimama mbali kidogo, "muende hospitali. Ao mulale na kuku."

Nikaenda. Daktari alinipiga picha ya bega, akaitundika kwenye dirisha, akanionyesha doa jeupe mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Alinieleza kwamba pale bega linaposhikana kuna kano, zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, na kwamba moja katika zangu imechoka, imechubuka, na ndani yake kumejikusanya chokaa.

"Chokaa?"

"Ndiyo, chokaa. Ni kama chaki. Unafanya kazi gani?"

"Niko mwalimu."

Daktari alicheka mpaka akakaa. Alipopata pumzi alisema kwamba haina uhusiano wowote, kwamba mwili wenyewe unatengeneza chokaa hiyo, hata wa mtu ambaye hajawahi kuona ubao. Lakini nilipofika nyumbani na kueleza, mke wangu hakuwa na haja ya sayansi. "Miaka yote munaileta kwa shati," alisema, "sasa mumeamua kuibeba ndani."

Kabla sijaondoka hospitali nilikuwa nimemuuliza daktari juu ya kupasuliwa. Alifunga mlango kwanza. Akaniambia kwa upole kwamba wapasuaji wa mji huu kwa sasa wana foleni, na kwamba waliomo katika foleni hiyo wana matundu ya risasi. "Bega lako linaweza kungojea," alisema. "Wale hawawezi. Na zaidi ya hayo, bega la namna yako mara nyingi halihitaji kisu." Kisha akaniambia kuna kituo cha viungo, kule wanakotengeneza miguu ya bandia, na kwamba wamepewa mashine ya mawimbi ya mshtuko, hata picha zilipigwa siku ya kuipokea, watu waliovaa suti wameishika kama mtoto wa ubatizo. "Nenda ukamuone kine," alisema. Kine ndilo jina tunalomwita mganga wa viungo, yule anayekukunja na kukunyoosha.

Kine alikuwa mama kijana, mtu wa Beni, mfupi, mwenye vidole kama koleo za fundi. Alinikandakanda bega mpaka akapata mahali penyewe, nami nikamjulisha kwa sauti kwamba amepapata.

"Hapa tutaweka mawimbi ya mshtuko," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa njiani. "Mama," nikamwambia, "mimi niko mutu wa Goma. Mawimbi ya mushituko tunapata bure. Hata juma lililopita moja ilivunja kioo ya dirisha yangu."

Hakutabasamu. "Kila mugonjwa ananiambia hiyo," alisema. "Vua shati."

Kisha alinieleza, kwa maneno machache, kama mtu anayemweleza mteja bei. Si umeme, alisema, watu wanaogopa bure. Mashine inasukuma hewa, hewa inasukuma kipande kidogo cha chuma ndani ya kishikio, kipande kinagonga ncha, ncha inagonga ngozi, na pigo hilo linakwenda ndani mpaka kwenye kano. Kano iliyoumia kwa muda mrefu ni kama mtu aliyezoea shida: haiombi tena msaada. Ukiigonga, inaamka, damu inakuja, kazi ya kujiponya inaanza upya. Chokaa nayo wakati mwingine inapungua. Tutafanya mara moja kwa juma, kwa majuma kadhaa. Itauma. Na bila mazoezi haina maana.

"Hicho kipande cha chuma kinachosukumwa," nikauliza, "kinaitwaje?"

Alisita kidogo. "Fundi aliyeileta alikiita projektili."

"Risasi."

"Projektili," alisema. "Na inafanya kwa wengi, haifanyi kwa wote. Sitaki uje kunilalamikia."

Niliona huyu ni mtu wa kwanza tangu nianze kuumwa ambaye hakuniahidi kitu. Kwa sababu hiyo nikamwamini.

Nilipewa nafasi kwenye benchi la kungojea, na hapo ndipo aibu yangu ilipokamilika. Benchi lile lilikuwa la watu waliokuwa na haki ya kuwa pale. Mama mmoja alikuwa akijifunza kutembea kwa mguu wa plastiki. Msichana mmoja alikuwa hana vidole. Kando yangu alikaa muzee mmoja mwembamba, kofia ya sufu kichwani, magongo mawili yameegemea ukuta, na mguu wa kushoto wa suruali yake umekunjwa na kufungwa kwa pini. Alinikagua kutoka juu hadi chini, akihesabu viungo.

"We ulikanyaga nini?" aliniuliza.

"Sikukanyaga kitu, Muzee. Naumwa na bega."

"Bega. Ni risasi?"

"Hapana. Ni misumari."

"Walikupigilia misumari?" Sauti yake iliingiwa na heshima.

"Hapana, Muzee. Ni mimi nilipigilia. Kwa plafon."

Muzee alimgeukia yule mama wa mguu wa plastiki akamtangazia, "Huyu vita yake ilikuwa na plafon." Toka siku ile hakuniuliza hata jina. Aliniita Komanda wa Plafon, na benchi lote likamfuata.

Alikuwa mfugaji wa Masisi. Alikuwa ametoka kutafuta mtamba aliyepotea kwenye malisho yake mwenyewe, malisho aliyoyajua kama kiganja, akakanyaga kitu ambacho mtu fulani alikizika pale bila kumwomba ruhusa. Mtamba alirudi nyumbani peke yake, mzima. Muzee alihadithia hivyo kama mtu anayelalamikia adabu ya ng'ombe. Sasa alikuwa anaishi kwenye mahema upande wa Munigi, juu ya mawe ya lava, na kwa kuwa magongo na mawe hayapatani, mabega yake yote mawili yalikuwa yameharibika. Kwa hiyo, licha ya dharau zake zote, alikuwa amekuja kwa mashine ile ile.

Tulilazwa kwenye vitanda viwili vilivyo jirani, yeye kwa tumbo, mimi kwa ubavu. Kine alinipaka ute baridi, akashika kishikio kinachofanana na kile cha kukaushia nywele, akawasha. Tak-tak-tak-tak. Ilikuwa kama kuna fundi seremala mdogo, mwenye hasira, anayeishi kwenye bega langu na amechelewesha kazi ya watu. Juu ya nyama haikuwa mbaya. Ilipofika kwenye ile kano, nililiita jina la Bikira Maria kwa sauti ambayo korali yangu haijawahi kunipa.

"Maumivu ni ngapi, kwa dix?" aliuliza kine, maana kwetu maumivu yanahesabiwa kwa Kifaransa, mpaka kumi.

"Neuf, Mama." Tisa.

"Basi nitashusha kidogo. Sasa?"

"Sept." Saba.

Ilipofika zamu ya muzee, alimuuliza vile vile, kwa dix ni ngapi. Muzee alifikiri.

"Unauliza ya leo, ao ya siku ile?"

"Ya leo, Muzee."

"Ya leo, andika deux, mbili tu. Nisikuharibie kazi."

Juma la kwanza bega liliuma zaidi, na mama mkwe wangu alifurahi kwa sababu alikuwa amesema itakuwa hivyo. La pili likauma kama kawaida. Kisha asubuhi moja nilijikuta nimevaa shati bila kuomba msaada wa mke wangu, na sote wawili tulisimama tukitazama vifungo kama watu walioona muujiza mdogo na hawana uhakika kama inafaa kuutangaza. Niliweza kuandika ubaoni mpaka usawa wa macho. Wanafunzi wangu, waliokuwa wamezoea kusoma masomo yote katika nusu ya chini ya ubao, waliinua vichwa kwa mshangao.

Bila shaka, vita vingeniachaje nipone kwa amani?

Mji ulikuwa umezungukwa. Barabara ya kwenda Masisi ilifungwa, ya Rumangabo ilikuwa imefungwa zamani, na vilima vilivyokuwa vikitupa viazi na maziwa vikaanza kutupa vitu vingine. Redioni walisema hali imedhibitiwa. Tunapowasikia wakisema hivyo, sisi huku huwa tunajaza maji. Siku ya miadi yangu milio ilikuwa inasikika tangu alfajiri, bado mbali. Nilivaa viatu.

"Munaenda wapi?" mke wangu aliuliza.

"Kwa kine. Alisema nisiruke hata juma moja."

"Mabomu inaanguka, na ninyi munaenda kutafuta bega!"

"Inaanguka kule. Kituo kiko huku."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu mzima ambaye umeshindwa kumlea. Lakini hakunizuia, nadhani alichoka na harufu ya vitunguu kiasi cha kukubali hatari.

Kine alikuwepo. Muzee pia alikuwepo, amekuja kwa pikipiki kutoka Munigi, kwa sababu, alisema, hemani mtu anasikia mlio bila hata ukuta wa kumdanganya, heri kituoni. Nililala kwa ubavu. Mashine iliwashwa. Tak-tak-tak-tak. Nakumbuka nilikuwa natazama ufa ukutani na kufikiri kwamba maumivu leo ni cinq, tano tu, nitamwambia ni cinq.

Kisha hewa yote ya chumba ilisukumwa mara moja, kama mlango mkubwa umefungwa kwa hasira, na sauti ikaja nyuma yake. Vioo vya dirisha vilishuka chini. Taa zilizimika, mashine ikazimika. Nikajikuta sakafuni, chini ya kitanda, sijui nilifikaje. Kine alikuwa chini ya meza yake. Vumbi lilikuwa linashuka polepole.

Kutoka juu, kwenye kitanda cha pili, ambapo alikuwa bado amelala kwa tumbo kwa sababu bila magongo hakuweza kwenda popote, muzee aliuliza kwa sauti ya utulivu:

"Ile ilikuwa ya mashine, ao ya inje?"

"Ya inje, Muzee," kine alijibu kutoka chini ya meza.

"Sawa," alisema muzee. "Mi naona ya mashine ni muzuri zaidi."

Tulicheka. Sijivunii kicheko kile. Kilikuwa kinatoka pamoja na machozi na kamasi, na hakikutaka kukoma. Nilikuwa nimejikunyata, nimefunika kichwa kwa mikono yote miwili. Nikaona kine ananitazama kwa namna ya ajabu, si kama mtu anayeogopa bali kama mtu aliye kazini.

"Mwalimu," alisema. "Umepandisha mukono."

Nikajitazama. Mkono wa kulia, ambao kwa miezi mingi haukuwa umevuka usawa wa macho, ulikuwa juu ya kichwa changu.

"Uliuma?"

"Sijui, Mama. Sikupata nafasi ya kusikiliza."

Tulimteremsha muzee, tukamlaza nasi sakafuni, na tukakaa pale mpaka milio ilipohamia upande mwingine. Niliporudi nyumbani nilikuta familia yote imelala chini kati ya shitingi zangu, kuku akiwa katikati.

Sitasimulia siku zilizofuata. Waliozipitia wanazijua, na wasiozipitia walizitazama kwenye simu wakiwa wamekaa. Mji ulipata wenyewe wapya. Umeme ulikatika, maji yakakatika, tukawa tunachota ziwani, mimi nikibeba bidoni la maji kwa mkono wa kushoto na kuomba bega la upande huo nalo lisije likapata mawazo. Risasi ziliponyamaza, tulitoka nje tukakuta watu wazima, wenye heshima zao, wakipita wamebeba vitu vya watu: milango, viti vya ofisi, masufuria ya hoteli.

Nilikwenda kituoni siku ya kwanza nilipoweza. Nitasema ukweli: nilikwenda kuuliza juu ya bega. Nilifika mlangoni nikakuta korido imejaa magodoro, na kila godoro lina mtu. Harufu ilinirudisha hatua moja nyuma. Kine alikuwa amepiga magoti katikati, anaosha kidonda, nywele zimejaa vumbi. Bila kumuuliza, macho yangu yalikwenda kwenye kile chumba chetu. Meza ilikuwepo. Mashine haikuwepo.

"Walibeba," alisema, ameona ninakotazama. "Walifikiri ni ya muziki."

Mpaka leo ninamfikiria mtu huyo. Mahali fulani katika mji huu kuna mtu aliyefika nyumbani kwa shangwe, akachomeka waya, akangoja wimbo.

Niligeuka niondoke. Kuwa na chaki begani mahali pale kulikuwa kama tusi.

"Unaenda wapi?" alisema kine. "Kuja hapa. Shika hii, juu."

Akaniwekea mkononi chupa ya maji ya kuongezea mgonjwa, ile inayotakiwa itundikwe juu ya kichwa chake. Vyuma vya kutundikia vilikuwa vimekwenda pamoja na mashine, labda kuisaidia kuimba. Nikashika kwa kushoto. Mgonjwa alikuwa kijana wa kiume mwenye mdomo uliokauka. Hakunitazama, alikuwa anatazama matone. Mkono ulipoanza kushuka, kine alipita nyuma yangu.

"Badilisha."

"Mama, ule wa kulia..."

"Nimesema badilisha."

Nikabadilisha. Ulipanda. Uliuma, sisemi uongo, lakini ulipanda, ukakaa juu, na nilipotaka kuushusha niliangalia yale matone nikauacha. Kila alipopita alinisukuma kidogo mgongoni kwa kidole: bega chini, usilikunje, pumua. Hata katikati ya yote yale hakuweza kumwona mtu anainua mkono vibaya akanyamaza. Nilirudi kesho yake, na siku nyingine nyingi, maana shule zilikuwa zimefungwa na korali haikuwa na mahali pa kuimba. Nilikuwa chuma cha kutundikia. Nimeshika vyeo vikubwa zaidi maishani, lakini sijui kama kuna kilichonifaa zaidi.

Mambo yalipopungua, kine alinikatia mkanda wa mpira kutoka kwenye tyubu ya gari, akaufunga kwenye nguzo ya mlango, akanifundisha kuuvuta: polepole kwenda, polepole zaidi kurudi. Alinikatia na wa pili. "Huu mupelekee muzee," alisema. "Hajarudi tena."

Nilikwenda Munigi nikamkuta bado yuko, lakini mahema yaliyomzunguka yalikuwa yanashushwa. Watu walikuwa wameambiwa vita vimekwisha na warudi makwao haraka, na walioambiwa hivyo walikuwa wanafunga vyombo bila kuuliza nani amevimaliza. Muzee alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, anamsubiri mpwa wake na pikipiki.

"Komanda," alisema. "Umekuja kunipigilia plafon?"

Nikamfundisha zoezi. Nilifunga mpira kwenye jiwe, akavuta, akavuta vizuri kunishinda. Mabega yake, alisema, bado yanauma. Mashine ilimsaidia la kushoto, la kulia ilipita juu yake kama mvua juu ya jabali. Hakulalamika. "Alisema haifanyi kwa wote," alinikumbusha. "Kwangu ilifanya kwa nusu ya mutu."

"Kule mlimani kuna nini sasa, Muzee? Nyumba iko?"

"Haiko."

"Ng'ombe?"

Alikunja mpira, akautia ndani ya kofia yake, akavaa kofia. "Majani yapo," alisema.

Mpwa alikuja. Tulimpandisha, magongo tukayafunga kwa kamba pembeni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuagana, mwalimu hakosi maneno, lakini pikipiki ilikuwa imewaka, ikayameza, ikaondoka.

Wakwe zangu nao walirudi kwao baada ya muda. Mama mkwe wangu aliondoka akinielekeza namna nzuri ya kushusha shitingi. Daktari alinipiga picha nyingine. Lile doa jeupe lilikuwa limepungua, limebaki kama kipande cha chaki kilichoachwa na mwanafunzi mvivu. Nilimpelekea kine picha hiyo, nikamuuliza ni nini kilichoniponya.

"Inaweza kuwa mashine," alisema. "Inaweza kuwa mupira. Inaweza kuwa zile chupa. Na kuna mabega inapona yenyewe tu, mutu akingoja."

"Sasa nimushukuru nani?"

"Endelea na mazoezi," alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Muzee alinipigia simu wakati mahindi yanakomaa. Mtandao wa kule mlimani unakuja na kuondoka kama serikali, kwa hiyo tulizungumza kwa vipande. Alisema amejenga kibanda. Alisema jirani mmoja, aliyebakiwa na mifugo michache, amemwachia ndama amchungie, jike, mwekundu, mwenye kiburi.

"Unamchungaje na magongo, Muzee?"

"Simufuati," alisema. "Nakaa juu ya jiwe namuita. Anakuja mwenyewe."

Nikasikia anaweka simu chini. Kisha nikamsikia, kwa mbali, akiita, mlio mrefu unaopanda na kukatika, na baadaye kidogo, karibu kabisa na simu, pumzi nzito ya mnyama anayenusa.